Je, vizuiaji vya vimeng'enya vinaweza kuiokoa figo iliyopandikizwa?

Binti wa Kisauni

Assalaam aleikum ndugu zangu, na hamjambo nyote mtakaosoma.

Kaka yangu alipandikizwa figo nchini India miaka kadhaa iliyopita. Figo hiyo alipewa na dada yetu mkubwa, na tangu arejee Mombasa amekuwa akiendelea na kazi yake ya kutengeneza viyoyozi na kuhudhuria kliniki kama alivyoagizwa. Katika miezi ya karibuni kreatinini yake, ile taka ya damu inayoonyesha jinsi figo inavyofanya kazi, imekuwa ikipanda polepole, kila kipimo kikiwa juu kidogo kuliko kilichotangulia, hata daktari wake akaagiza kipande kidogo cha figo kichukuliwe kwa sindano na kuchunguzwa. Majibu yalionyesha kwamba mwili wake umetengeneza kingamwili, yaani protini za kinga, dhidi ya figo aliyopewa, na kwamba kingamwili hizo zimekuwa zikiidhuru kidogokidogo kwa muda mrefu. Daktari alitueleza kwa upole kuwa kwa hali ya aina hii hakuna dawa moja ambayo imethibitishwa kuwa inaiponya.

Binamu yetu anayeishi Uingereza ametutumia maelezo marefu kuhusu vizuiaji vya vimeng'enya, akisema kuwa ndiyo tiba inayotarajiwa katika upandikizaji wa figo, na majina mawili yaliyotajwa sana ni bortezomibu na tofasitinibu. Tangu hapo nyumbani hakuzungumzwi jingine. Wazee wameanza kuchangisha, na kuna rai ya kuuza kipande cha shamba tulichoachiwa na marehemu baba kule Kilifi ili kaka apelekwe nje akatibiwe kwa dawa hizo. Mimi ndiye ninayemsindikiza kliniki na ndiye ninayeulizwa na kila mtu, na sipendi kuwajibu wazee wangu kwa kubahatisha.

Naomba mnieleweshe: dawa hizi hufanya nini hasa mwilini, na je, kuna ushahidi unaotosha kwa familia kama yetu kuuza mali kwa ajili yake? Nitamuuliza daktari pia siku ya miadi, lakini nataka nikifika pale nijue ninachokiuliza.

Mfamasia wa Tudor

Wa aleikum salaam, dada yangu. Poleni sana, na Mola amlipe dada yenu mkubwa kwa alichokitoa.

Kabla hatujafika kwenye dawa mpya, ningekuomba uuchukue mfuko wa dawa wa kaka yako, uzipange dawa zote mezani na usome majina yake moja baada ya jingine. Ikiwa anatumia mpango ambao wagonjwa wengi waliopandikizwa figo hutumia, basi sehemu kubwa ya vidonge utakavyoviona ni vizuiaji vya vimeng'enya tayari.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko fulani la kikemia ndani ya mwili, na kizuiaji ni molekuli inayokishika kimeng'enya hicho kisiweze kufanya kazi yake. Anza na takrolimusi. Ikishaingia ndani ya seli nyeupe ya damu, hujiunga kwanza na protini ndogo iitwayo FKBP12, kisha vitu hivyo viwili kwa pamoja hukizuia kimeng'enya kinachoitwa kalsinurini. Kazi ya kalsinurini ni kuiondolea fosfeti protini nyingine, NFAT, ili iweze kuingia katika kiini cha seli na kuiwasha jeni ya interlukini-2, ambayo ndiyo ishara inayoziamuru seli T, aina ya seli nyeupe za kinga, ziongezeke. Kalsinurini ikizuiwa, NFAT hubaki nje ya kiini, ishara haitolewi, na jeshi ambalo lingeishambulia figo ya mtu mwingine halikusanyiki. Siklosporini, dawa iliyotangulia takrolimusi, hukifikia kimeng'enya hichohicho kwa kupitia protini nyingine.

Mikofenoleti nayo huzuia kimeng'enya kiitwacho IMPDH, kinachohitajika katika kutengeneza guanini, mojawapo ya malighafi za DNA. Seli nyingi za mwili zina njia ya pili ya kuipata guanini kwa kuitumia tena ile iliyokwisha kutumika, lakini limfositi, yaani seli nyeupe za kinga, hutegemea zaidi njia ya kuitengeneza upya, na ndiyo maana dawa hii huzizuia zisigawanyike na kuziacha seli nyingine nyingi zikiendelea na kazi. Septrini ambayo huenda kaka yako alipewa ili kumkinga na maambukizi ya mapafu ni dawa mbili katika kidonge kimoja, na kila moja huzuia kimeng'enya chake katika vimelea. Enalapril ya presha ni kizuiaji cha kimeng'enya. Atorvastatini ya lehemu ni kizuiaji cha kimeng'enya. Hata omeprazoli ya tumbo huzuia kimeng'enya kinachosukuma asidi tumboni, na hiyo ningependa uiulizie mahususi, kwa kuwa inaweza kupunguza ufyonzwaji wa mikofenoleti ya aina ya mofetili.

Nakueleza haya kwa urefu kwa sababu kuna vimeng'enya vingine ambavyo hatima ya figo ya kaka yako inavitegemea, navyo havimo katika maelezo ya binamu yenu. Katika kuta za utumbo na katika ini kuna kundi la vimeng'enya, vikuu vikiwa CYP3A4 na CYP3A5, ambavyo huivunjavunja takrolimusi kabla na baada ya kuingia katika damu. Takrolimusi ina nafasi finyu sana kati ya kiwango kisichotosha na kiwango kinachodhuru. Ikiwa kidogo, mwili huanza kuikataa figo, na kutengeneza kingamwili ni mojawapo ya njia zake. Ikizidi, dawa yenyewe huiumiza figo, hutetemesha mikono na kupandisha sukari. Sasa mgonjwa akipewa klarithromaisini au erithromaisini kwa kifua, au flukonazoli kwa fangasi, vimeng'enya hivyo huzuiwa na takrolimusi hupanda kwa ghafla. Ritonaviri, inayotumiwa pamoja na baadhi ya dawa za virusi, huipandisha kiasi kwamba dozi ya kila siku huenda ikahitaji kutolewa kwa nadra sana. Kinyume chake, rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini huufanya mwili uongeze vimeng'enya hivyo, na takrolimusi hushuka vibaya.

Kwa hiyo nina swali kwako: katika miaka hii tangu apandikizwe, kaka yako amewahi kupewa dawa nyingine yoyote mahali pengine, nje ya kliniki yake ya figo?

Mwalimu wa Biokemia, Ganjoni

Nimefurahi kuona swali limeulizwa kabla ya shamba kuuzwa. Ndugu mfamasia ameeleza vilivyomo mfukoni. Mimi nitazungumzia zile dawa mlizotajiwa, moja baada ya nyingine, pamoja na kile ambacho majaribio yameonyesha.

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa kwa muda mrefu ulifanyika Boston tarehe 23 Desemba 1954, na ulifanikiwa kwa kuwa aliyetoa na aliyepokea walikuwa pacha wa kufanana, hivyo mwili haukuona mgeni. Kwa watu wengine wote ilibidi kutafutwa njia ya kuituliza kinga. Siklosporini ilitoka kwa kuvu iliyopatikana katika udongo wa Norwe, ikaanza kutumiwa kwa wagonjwa wa figo na Roy Calne huko Cambridge mwaka 1978. Takrolimusi ilipatikana mwaka 1984 kutoka kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani. Sirolimusi, inayozuia kimeng'enya kingine kabisa kiitwacho mTOR, ilitokana na udongo uliochukuliwa mwaka 1964 katika kisiwa cha Rapa Nui. Dawa hizi hazikuja kwa mara moja, na zilipokuja hazikulingana. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha wagonjwa 1,645 katika nchi 15, waliopewa takrolimusi kwa kiwango cha chini pamoja na mikofenoleti asilimia 12.3 miili yao iliikataa figo katika mwaka wa kwanza, ilhali waliopewa siklosporini kwa kiwango cha kawaida walifikia asilimia 25.8, na waliopewa sirolimusi kwa kiwango cha chini asilimia 37.2. Nimetaja takwimu hizi ili wazee wa nyumbani waone kwamba dawa ambayo kaka yenu huenda anaimeza kila asubuhi na jioni ndiyo iliyoshinda mashindano hayo.

Bortezomibu huzuia proteasomu, chombo cha vimeng'enya ambacho seli hukitumia kuvunja protini zilizoharibika. Seli zinazotengeneza kingamwili hufanya kazi ya kutoa protini usiku na mchana, na kwa hiyo taka zikiwazidi hufa upesi kuliko seli nyingine. Dawa hii inatumika kwa saratani ya seli hizo, na ilikuwa busara kudhani kwamba ingeweza kuwasaidia wagonjwa ambao figo zao zinashambuliwa na kingamwili. Watafiti wa Vienna waliijaribu kwa njia ambayo mimi naiheshimu sana: wagonjwa 44 wenye ukataaji wa kingamwili uliojitokeza muda mrefu baada ya upandikizaji, yaani hali inayofanana na ya kaka yenu, waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa bortezomibu na wengine dawa bandia, kisha wakafuatiliwa kwa miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kasi ya kudhoofika kwa figo haikutofautiana kati ya makundi hayo mawili, na waliopewa dawa walipata madhara zaidi ya tumbo na ya damu. Utafiti huo ulikuwa mdogo, ni kweli, lakini hakuna chochote ndani yake kinachoweza kumshawishi mtu auze ardhi.

Tofasitinibu huzuia vimeng'enya vya jamii ya JAK, vinavyopeleka ishara kutoka nje ya seli hadi ndani. Ilijaribiwa kwa waliopandikizwa figo badala ya siklosporini, na kwa upande wa kuzuia ukataaji wa mapema ilifanya vizuri, hata figo zikafanya kazi vyema zaidi. Lakini kinga ilishuka mno. Maambukizi makali yaliongezeka, yakiwemo ya virusi vya BK vinavyoishambulia figo yenyewe, na baadhi ya wagonjwa walipata saratani ya limfu ya baada ya upandikizaji. Mpango wa kuitumia katika upandikizaji ulisimamishwa, na leo dawa hiyo inajulikana zaidi kwa baridi yabisi. Tena, haikuwahi kukusudiwa kuondoa kingamwili zilizokwisha kutengenezwa.

Huenda pia mkasikia habari za imlifidase, kwa kuwa huchanganywa na hizi. Hiyo si kizuiaji. Yenyewe ni kimeng'enya, kilichotolewa kwa bakteria *Streptococcus pyogenes*, na hukata kingamwili za aina ya IgG vipande ndani ya saa chache. Umoja wa Ulaya uliiidhinisha kwa masharti mwezi Agosti 2020, kwa watu wazima wenye kingamwili nyingi wanaosubiri figo ya marehemu ambayo vinginevyo wasingeweza kuipokea. Kingamwili hurudi baada ya wiki moja au mbili, kwa hiyo inafungua mlango wa upasuaji tu. Haikuidhinishwa kwa tatizo la kaka yenu.

Kuna utafiti mwingine unaonivutia binafsi, nao ni wa kuikinga figo katika zile saa inapokaa bila damu kati ya mtoaji na mpokeaji. Vizuiaji vya vimeng'enya vinavyoiharibu protini ya HIF, ambayo huiandaa seli kustahimili ukosefu wa oksijeni, vimeonyesha matumaini kwa panya waliopandikizwa figo, na dawa za jamii hiyo tayari zinatumika kwa watu wenye upungufu wa damu unaotokana na ugonjwa wa figo. Ni jambo la kufuatiliwa kwa miaka ijayo. Kwa figo ambayo imekwisha kukaa mwilini kwa miaka, halibadilishi kitu.

Bi. wa Likoni

Dada yangu wa Kisauni, mimi nimepandikizwa, na nakuandikia kama mgonjwa kwa mwenzake.

Walimu wetu wameeleza sayansi vizuri. Niruhusu niongeze yale ya nyumbani, kwa sababu huko ndiko kiwango cha takrolimusi kinakoamuliwa kila siku. La kwanza ni balungi. Hapa pwani tunalipenda, na pale Kongowea huuzwa likiwa limemenywa nusu, tayari kuliwa. Lina kemikali zinazokiharibu kimeng'enya cha CYP3A4 kilichomo utumboni, na mwili hulazimika kutengeneza kingine, hivyo athari yake huweza kudumu zaidi ya siku moja. Kwa sababu hiyo haifai kudhani kwamba ukilila mchana na dawa ukaimeza usiku utakuwa umesalimika. Mimi nimeliacha kabisa, pamoja na maji yake, na danzi pia siligusi. Machungwa ya kawaida na maembe nakula.

La pili ni siku ya kutolewa damu. Kipimo cha takrolimusi huchukuliwa muda mfupi kabla ya dozi ya asubuhi, takriban saa kumi na mbili baada ya dozi ya usiku, na mtu akimeza kidonge kabla ya kutolewa damu, jibu hupanda na kumdanganya daktari. Siku hiyo mimi huvuka feri mapema, kidonge kikiwa ndani ya kijaluba mkobani, na hukimeza baada tu ya sindano kutoka mkononi. Muuguzi akichelewa, nasubiri. Mwambie kaka aandike pia saa aliyomeza dozi ya usiku, kwa kuwa mara nyingi huulizwa na wengi hukisia.

La tatu ni Ramadhani. Kutoka daku hadi futari hapa Mombasa hupita zaidi ya saa kumi na tatu, na dawa ya mara mbili kwa siku inataka saa kumi na mbili kumi na mbili. Juu ya hayo kuna joto letu, na figo moja haipendi kukaa na kiu. Daktari wangu alinikataza kufunga mwanzoni, baadaye akanibadilishia aina ya takrolimusi inayomezwa mara moja kwa siku ndipo akaniruhusu, huku akinipima karibu karibu. Wapo wenzangu ambao hawajaruhusiwa hadi leo, nao wanalipa fidia. Hili si jambo la kila mtu kujiamulia.

Mume wa Changamwe

Samahani kwa kuingilia. Mke wangu naye alipandikizwa na anatumia mikofenoleti. Tunatamani kupata mtoto. Je, kwa haya yaliyoelezwa, kuna hatari?

Bi. wa Likoni

Ndiyo, ndugu yangu, ipo, na ni kubwa. Mikofenoleti husababisha mimba kuharibika na watoto kuzaliwa na kasoro, na ni lazima iachwe angalau wiki sita kabla ya kujaribu kushika mimba. Madaktari kwa kawaida huibadilisha kwa azathioprini na kusubiri waone kama figo inatulia. Tafadhali mwende kliniki pamoja kabla ya kufanya lolote, na asiiache dawa peke yake.

Mfamasia wa Tudor

Naunga mkono, na nitaongeza moja tu: akishahamia azathioprini, asipewe kamwe alopurinoli ya ugonjwa wa jongo bila daktari wake wa figo kujua. Alopurinoli huzuia kimeng'enya kinachosaidia kuiondoa azathioprini mwilini, na mchanganyiko huo unaweza kuuangamiza uboho wa mifupa.

Binti wa Kisauni

Shukran kwenu nyote. Nimesoma majibu haya kwa sauti nyumbani, na wazee wamesikiliza mpaka mwisho.

Nimekaa na kaka tukapanga dawa mezani kama ulivyoelekeza, ndugu mfamasia. Mfukoni mna takrolimusi, mikofenoleti, prednisoloni, enalapril na omeprazoli. Kisha nikamuuliza kuhusu dawa nyingine, naye akanikumbusha jambo ambalo sote tulikuwa hatulihusishi na figo: alitibiwa kifua kikuu, akameza dawa kwa miezi sita mpaka akamaliza na kupona. Alitibiwa katika kituo kilicho karibu na kazini kwake, mbali na kliniki yake ya figo, na anasema hakuna aliyemuuliza kama amepandikizwa kiungo. Takrolimusi yake haikubadilishwa katika kipindi hicho, na miadi miwili ya kliniki ya figo iliahirishwa kwa kuwa alikuwa akikohoa. Kreatinini ilianza kupanda baada ya hapo.

Je, hili ndilo lililotokea? Na kama ndilo, kuna la kufanya sasa?

Mfamasia wa Tudor

Dada yangu, hakuna mtu anayeweza kulithibitisha kwa kusoma ulichokiandika, nami sitafanya hivyo. Lakini ni habari ambayo daktari wake anapaswa kuijua siku ileile mtakapoonana, na pengine hata kabla, kwa simu.

Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu yana rifampisini kwa miezi yote sita. Ndani ya wiki ya kwanza au ya pili huongeza vimeng'enya vya utumbo na ini, na takrolimusi isipopandishwa, mara nyingi kwa maradufu kadhaa, hushuka chini ya kiwango kinachofaa. Hupunguza pia mikofenoleti na prednisoloni katika damu, kwa hiyo dawa zote tatu zinazoilinda figo hudhoofishwa kwa wakati mmoja huku mgonjwa akimeza kila kidonge kwa uaminifu. Hii ndiyo sehemu inayoniumiza zaidi ninapoiona kazini: huenda kaka yako hakukosa dozi hata moja, na bado ulinzi ukapungua. Rifampisini ikishaachwa, vimeng'enya hurudi katika hali ya kawaida baada ya takriban wiki mbili, kwa hiyo kiwango cha takrolimusi cha leo huenda kikaonekana kizuri na kisionyeshe yaliyopita. Ombeni kumbukumbu za vipimo vyote vya takrolimusi vya miaka hii, mvipange kwa tarehe kando ya tarehe za dawa za kifua kikuu.

Kuna jambo jingine la kuuliza. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana jeni ya CYP3A5 inayofanya kazi, ambayo kwa Wazungu wengi haifanyi kazi, na mwenye jeni hiyo huhitaji takrolimusi zaidi ili afikie kiwango kilekile. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2015 ulipendekeza dozi ya kuanzia iwe mara 1.5 hadi 2 ya ile ya kawaida. Mgonjwa wa kwetu akiambiwa kwamba dozi yake ni kubwa kuliko ya mwenzake waliyelazwa naye India, asishtuke na asiipunguze. Anayeongoza ni kipimo cha damu.

Daktari Mstaafu, Nyali

Mwanangu, nimefuatilia mazungumzo haya tangu mwanzo, na nitajibu lile swali lako la mwisho, kwamba kuna la kufanya au hakuna.

Lipo. Mwaka 2020 yalichapishwa makubaliano ya wataalamu wa The Transplantation Society, chama cha kimataifa cha upandikizaji, kuhusu ukataaji unaotokana na kingamwili. Kwa hali sugu kama ya kaka yako walichokubaliana ni kuimarisha kwanza dawa za msingi: takrolimusi ibaki juu ya nanogramu 5 kwa mililita kabla ya dozi ya asubuhi, prednisoloni irudishwe kwa mgonjwa aliyekuwa ameachishwa, na presha, sukari na lehemu zidhibitiwe kwa bidii. Bortezomibu haikupewa nafasi katika msingi huo. Najua ushauri wa namna hii huonekana mdogo mbele ya familia iliyo tayari kuuza shamba, lakini nimewaona wagonjwa ambao figo zao zilitulia kwa miaka kwa sababu tu viwango vyao vilisimamiwa kwa ukali, na nimewaona wengine waliosafiri mbali wakitafuta sindano mpya na kurudi wakiwa na maambukizi.

Siku ya miadi, mwulize daktari kiwango cha takrolimusi anachokilenga kwa kaka na ni mara ngapi kitapimwa katika miezi mitatu ijayo. Mwulize iwapo kingamwili zenyewe zimepimwa katika damu, na iwapo zitapimwa tena baada ya dawa kurekebishwa, ili ijulikane kama zinapungua. Mwulize kuhusu omeprazoli, kama ndugu mfamasia alivyokutahadharisha. Huenda kuna mbadala. Na mwombe aandike barua fupi ambayo kaka atatembea nayo, inayoeleza kwamba amepandikizwa figo na anatumia takrolimusi, ili aionyeshe katika kila kituo na kila duka la dawa kabla ya kupokea hata dawa ya kikohozi.

Kuhusu michango, waelezeni wazee kwamba haijapotea bure. Takrolimusi na vipimo vyake hugharimu kila mwezi, na mgonjwa anayelazimika kubadilisha aina ya takrolimusi kwa kufuata bei ya duka, mwezi huu kampuni hii na mwezi ujao kampuni ile, anahitaji kupimwa upya kila anapobadilisha, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Kama familia inaweza kuhakikisha kwamba kaka anapata dawa ya aina moja bila kukatika, na kwamba damu yake inapimwa kwa wakati, fedha hizo zitakuwa zinakwenda panapostahili. Shamba la Kilifi libaki.